Alama ya Ng'ombe

Siku ya kuniaga, meneja alisimama na soda mkononi akasema kwamba katika miaka yangu yote ya kazi hakuna telegramu hata moja iliyopotea. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga, kwa kuwa pilau lilikuwa limeshapakuliwa na sikutaka lipoe kwa ajili ya ukweli. Lakini nyinyi wanangu mnaobaki nyuma ya kaunta, msije mkaamini hotuba. Telegramu zilipotea, tena nyingi, na hazikupotezwa na wezi wala na mvua. Zilipotezwa na watu wenye tai shingoni waliokuwa na hakika kwamba zimefika. Sasa nimeshakabidhi funguo na hakuna wa kuniandikia onyo, kwa hiyo nitawaeleza.

Niliingia posta ya Shinyanga miaka ya sitini, bendera ikiwa bado ngeni machoni. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino kirefu, kwa sababu niliambiwa ni kazi ya ofisini. Hakuna aliyeniambia kwamba kati ya kaunta na chumba cha mitambo kulikuwa na ngazi tatu zilizovunjika. Nilianguka mbele ya foleni nzima, na mzee aliyekuwa ndani na vyombo vya kusikilizia masikioni hakugeuka hata kunitazama. Huyo alikuwa Mzee Kashinje, ndiye aliyekuja kunifundisha kazi. Alisema tu, "Ukimaliza kulala hapo, njoo ushike kalamu."

Mzee Kashinje hakuwa mtu mwema, msije mkamfanya mtakatifu. Alikuwa bahili wa sukari, mkali kwa wageni, na alimchukia kila mtu aliyetoka Dar es Salaam bila kumpa nafasi ya kujieleza. Lakini sikio lake lilikuwa sikio. Enzi zile ujumbe ulikwenda kwa milio ya nukta na mistari, naye aliweza kumjua karani wa upande wa pili kwa namna anavyogonga, akasema huyu leo amegombana na mkewe. Kila alipomaliza kutuma, alimlazimisha mwenzake amrudishie anwani yote, neno kwa neno. Nikamwuliza kwa nini anajichosha wakati nakala yetu ipo mezani, safi. Akaniambia, "Nakala yako ni shahidi wako mwenyewe, na mtu hajitolei ushahidi. Sikia mwenzako amepata nini." Somo langu lote la kazi ni hilo. Mengine niliyofundishwa chuoni nimeyasahau bila hasara.

Miaka ya sabini ilipoanza, Mzee Kashinje alikwenda zake kulima pamba, ikaja mashine ya teleprinta. Unachapa Shinyanga, inajichapa yenyewe Mwanza. Mwanza wanaisomea Geita kwa simu ya mdomo, na Geita wanaikabidhi kwa dereva wa lori aipeleke dukani Katoro au Rwamgasa, ambako mwenye duka huita majina kwa sauti. Pamoja na mashine tuliletewa mkuu mpya, ambaye sitamtaja jina. Sisi tulimwita Bwana Taratibu, kwa sababu hakuwa na neno jingine. Alifuta ule mtindo wa kurudishiwa anwani. Alisema mashine haikosei, anayekosea ni mtu, na kuwauliza Mwanza wamepata nini ni kuwatukana. Yeye mwenyewe hakuwahi kuigusa ile mashine ila kuifuta vumbi siku wageni wakija.

Basi tukaanza kusikia malalamiko. Si ya watu wote, hapo ndipo palipotuchanganya. Mtu anatuma telegramu kwa Paulo wa Geita, Paulo anakuja na lori la kesho yake, kilio hakijaisha. Jirani yake anatuma siku ileile, kwa njia ileile, kwa ndugu yake aliye dukani palepale, na ndugu kimya. Bwana Taratibu alikuwa na majibu tayari, na alikuwa akiyabadilisha kama shati. Kwanza akasema hao wasiofikiwa hawana anwani ya maana. Nikamwambia hata Paulo anwani yake ni jina la duka tu. Akasema basi ni wachimbaji wa dhahabu, wanajificha serikali isiwaone, hawataki kupatikana. Mwisho akabandika tangazo ukutani kwamba posta haihusiki na wapokeaji wasiojitokeza. Watu wengi waliokuja pale hawakujua kusoma, kwa hiyo tangazo lilimfaa yeye mwenyewe.

Hapo akatokea Kabula. Alikuwa mwanamke wa rika langu, mwembamba, kutoka upande wa Solwa, na alikuwa akimwuguza mama yake katika hospitali ya mkoa. Mama alikuwa na watoto wawili tu walio hai, yeye na kaka yake. Kaka alikwenda Rwamgasa kuchimba, na jina lake ni Ng'wandu. Kabula alikuja kaunta, akanisalimu kwa heshima, akatuma: NG'WANDU RWAMGASA MAMA MGONJWA SANA NJOO. Mimi mwenyewe nilichapa. Wiki ikapita. Akaja tena, nikachapa tena. Alipokuja safari iliyofuata hakuweza kunitazama usoni.

"Dada," aliniambia, "Paulo mwana wa jirani yetu alifika jana. Anasema Ng'wandu yupo Rwamgasa, mzima, anakunywa chai dukani kila asubuhi. Mama amesikia."

"Amesemaje?"

"Amesema hana mtoto wa kiume. Ametuma watu wawaite wazee wa ukoo waje Jumapili wasikie kwa masikio yao. Anataka kumkataa mbele yao, halafu afe."

Kama hamjui, hilo si jambo la hasira za mchana zikaisha jioni. Mzazi akikunyima radhi akiwa kitandani mwa mauti, hata ukipata dhahabu ya kujaza debe utakuwa unabeba mchanga. Hata Wakatoliki wetu wa kila Jumapili wanalijua hilo na kulihofu kuliko wanavyomhofu padri. Kabula alikuwa akilia bila sauti, huku foleni nyuma yake ikimsukuma. Nilimpeleka kwa Bwana Taratibu nikidhani labda machozi yatamfundisha kitu.

Bwana Taratibu alitazama nakala zetu, akazigonga kwa kidole. "Zimetumwa, hizi hapa. Mama, kaka yako ana tatizo la tabia. Posta haitibu tabia."

Nilimkumbuka Mzee Kashinje kwa nguvu siku ile. Nilizichukua nakala zangu nikazisoma upya, mimi niliyedhani nazijua. Katika kila moja palikuwa na uchafu mahali pamoja. Baada ya NG'WAND, kabla ya U, mashine ilikuwa imechapa POSTA MWANZA. Tulikuwa tumeshaiona takataka hiyo mara nyingi tukailaumu Mwanza kwamba makarani wao wanatuingilia katikati ya kazi kwa ujeuri. Lakini karani jeuri huingilia popote. Huyu alikuwa anangoja herufi D ya Ng'wandu tu, na ujeuri wa namna hiyo una taratibu kuliko bwana wetu.

Nilisubiri mkuu aende kula, nikapiga simu Mwanza. Aliyepokea alikuwa karani mmoja aitwaye Fideli, mtu wa Magu, mwenye mdomo kama wembe. Nikamwambia anisomee alichopata, kila alama.

"Mama Shija, leo umenikumbuka? Haya. NG, halafu alama ya ng'ombe, halafu mbili, kistari, mkato, halafu mashine yangu inajitaja jina yenyewe, halafu saba. Halafu Rwamgasa, mama mgonjwa sana, njoo. Sasa nikuulize, mnatutumia telegramu au mtihani wa hesabu?"

Alama ya ng'ombe ndilo jina tulilolipa ritifaa, kile kikoma cha juu, kwa sababu kila mtoto wa Usukuma anakutana nacho kwa mara ya kwanza katika neno ng'ombe, pengine akiwa ametoka kuwachunga. Kwenye teleprinta alama hiyo haikai na herufi, inakaa na tarakimu. Ili uipate unabonyeza kitufe cha tarakimu, unachapa alama, kisha unabonyeza kitufe cha herufi kurudi. Usiporudi, W inatoka mbili, A inatoka kistari, U inatoka saba. Na D upande wa tarakimu haichapi kitu. Inaiuliza mashine ya mwenzako, "Wewe ni nani?" nayo kwa adabu inajibu.

"Mimi nimebonyeza herufi," nikamwambia Fideli. "Kwetu imetoka Ng'wandu safi."

"Kwenu. Kwangu haijafika."

Nikakitazama kile kitufe. Kilikuwa kimelika upande mmoja kwa kugongwa. Ukikigusa kawaida, mashine yetu iliridhika ikarudi kwenye herufi, lakini kwenye waya hakikupita kitu. Tarakimu za kawaida hazikutuumbua, kwa sababu baada ya namba huja nafasi, na nafasi ikifika Mwanza mashine yao inajirudisha yenyewe kwenye herufi. Ni alama ya ng'ombe peke yake inayokaa katikati ya neno. Kwa hiyo Paulo alifika, Maria alifika, Masanja alifika. Ng'wandu, Ng'washi na Ng'wigulu wakageuka hesabu.

"Fideli," nikamwuliza, "na telegramu za ng'ombe wenyewe? Kila siku tunatuma uza ng'ombe, leta ng'ombe. Mbona hamkulalamika?"

Akacheka mpaka simu ikakwaruza. "Inakuja NG, alama, tisa, nukta, alama ya kuuliza, tatu. Mimi nimezaliwa zizini, Mama Shija. Ng'ombe nitashindwa kumjua hata akivaa tarakimu? Ninaandika ng'ombe, ninaendelea."

"Na jina la mtu?"

"La mtu nitalijulia wapi? Naweka kwenye trei ya zisizo na mwenyewe."

"Ungetuambia!"

"Ningewaambia kila moja, kazi ningefanya saa ngapi?"

Hapo nilitamani kulia na kucheka kwa pamoja. Kwa miaka kadhaa karani mmoja alikuwa akiwaokoa ng'ombe wa watu na kuwatupa wenyewe kwenye trei, na hakuona ajabu. Angekuwa Mzungu asiyejua nini kinafuata baada ya NG na alama, angepiga kelele wiki ya kwanza na sisi tungepona. Kilichotuangusha ni ujuzi. Sote tulilijua neno hilo mno, tukalisoma hata lilipokuwa halipo.

Nilimweleza Bwana Taratibu alipotoka kula. Nilimweleza vizuri, kwa sauti ya chini, kama mnavyofundishwa. Alisikiliza yote, akajipangusa mdomo, akasema, "Kwa hiyo tatizo ni majina yao." Nikadhani sikusikia. Akaendelea kwamba serikali huandika Mwandu, shule huandika Mwandu, na hakuna sababu ya posta kubeba lugha za nyumbani. Mchana ule ule akachapa tangazo jingine: kuanzia leo ni marufuku kutumia alama ya juu katika majina. Kitufe kilichokufa kikabaki pale pale. Fundi angehitaji barua ya kuombwa, na barua ingehitaji kukiri kwamba mashine inakosea. Ilikuwa rahisi zaidi kuwarekebisha Wasukuma.

Na kwa ajili ya mfano, akaamuru telegramu ya Kabula itumwe mbele yake: MWANDU RWAMGASA MAMA MGONJWA SANA NJOO. Ikaenda safi, ikafika safi, ikaitwa dukani kwa sauti. Ijumaa akaingia posta mwanaume wa miraba minne, vumbi jekundu hadi kwenye kope, na karatasi mkononi.

"Nani amenituma huku?" akauliza. Alikuwa Msumbwa wa Ushirombo, Mwandu kweli kweli, bila alama yoyote. "Nimeacha duara langu la kuchimbia, watu wameshaingia saa hizi. Nimepanda lori la mbao mpaka hapa. Nimekwenda hospitali, nimeoneshwa bibi ambaye simjui!"

Bwana Taratibu akamwambia kwamba posta imetimiza wajibu wake, ujumbe umemfikia aliyeandikwa. Yule bwana akanigeukia mimi.

"Na yule bibi, mama, haoni vizuri. Ameniuliza, nani wewe? Nikamwambia Mwandu. Akasema, mimi sikuzaa Mwandu. Akanigeuzia mgongo. Mimi mama yangu nilishamzika, nikadhani ni mama mdogo. Mambo haya ya nini?"

Nilimwomba radhi kwa niaba ya jengo lote. Alinijibu kwamba jengo halikumpandisha lori, akaondoka akitukana kwa Kisumbwa, na nadhani alitutukana vizuri. Ilikuwa Ijumaa. Wazee wa Kabula walikuwa wanakuja Jumapili, na Jumapili malori ya kutoka Geita yalikuwa ya kubahatisha.

Nilikwenda kwenye mashine mkuu akiwa ofisini kwake na mlango wazi. Sikujificha. Nilichapa NG, nikabonyeza tarakimu, nikachapa alama ya ng'ombe, kisha kile kitufe cha herufi nikakikandamiza kwa kidole gumba na uzito wa bega zima, kama mtu anayeponda kisamvu. Nikaendelea: WANDU. Mashine ya Mwanza haikujitaja jina. Nikanyanyua simu.

"Fideli, soma."

"Ng'wandu," akasema. "Ng'wandu, Rwamgasa. Haya basi, amepatikana."

"Wapigie Geita sasa hivi. Na wakurudishie wanavyoliandika."

Bwana Taratibu alisimama mlangoni akaniuliza kama nimesoma tangazo. Nikamjibu nimelisoma, na kwamba kama anataka kuniandikia onyo atumie herufi kubwa. Aliniandikia kweli, ninalo hadi leo, linanifaa kupepea jiko mkaa ukipata unyevu. Kidole gumba changu nikawafundisha wenzangu wote wa zamu, na kwa miaka iliyofuata posta ya Shinyanga ilijulikana Mwanza kwamba inachapa kama inatwanga. Fundi alikuja baadaye sana, akabadilisha springi ndogo isiyozidi ukucha, akanywa chai, akaondoka. Mkuu naye aliandika kwenda juu kwamba tatizo la wapokeaji wa migodini limekwisha kwa tangazo lake, akasifiwa, akahamishiwa mahali pakubwa. Msishangae. Mkikaa kazini muda wa kutosha mtawaona wengi, wanapanda kama moshi, kwa sababu hawana kitu ndani.

Jumapili nilitoka kanisani nikaenda hospitali. Sikuwa na zamu, lakini nisingeweza kula. Wazee wa ukoo walikuwa wameshafika, wameketi kwenye benchi nje ya wodi na fimbo zao, nyuso zimefungwa. Kabula alikuwa akiwagawia chai. Aliponiona alitikisa kichwa tu, kwamba bado.

Mama alikuwa kitandani, mdogo kama mtoto, lakini sauti yake ilikuwa bado ya mtu mwenye ng'ombe. Nilimsalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka mayu," umeamkaje mama, nikakaa chini karibu naye. Nikamweleza kwamba mwanawe hakukataa kuja, kwamba ujumbe haukumfikia kwa sababu mashine ilishindwa jina lake.

"Ilishindwa nini?" akauliza.

"Ilishindwa kulitamka."

"Mtoto wa miaka miwili anaweza," akasema kwa dharau ambayo sijawahi kuifikia hata mimi. "Mnalipwa kwa kazi hiyo?"

Nikamwomba awangojeshe wazee hadi jioni. Akasema wazee wana mifugo, hawawezi kulala mjini, na yeye hana jioni nyingi. Akamwita Kabula awaingize. Wakaingia mmoja mmoja, wakavua kofia, wakasimama kuzunguka kitanda. Mama akaomba ainuliwe, akaegemezwa kwenye mto, akaanza kutaja majina ya baba zake, kama inavyotakiwa kabla ya neno zito. Nilisimama kutoka nje. Mlangoni nikagongana na mwanaume aliyekuwa akiingia bila hodi, amebeba viatu mkononi, shati limemganda kwa jasho na vumbi jekundu, na katika mfuko wa shati bahasha yetu ya telegramu.

Alipita katikati ya wazee akapiga magoti. Pumzi zilikuwa hazijamrudia. Mama akaacha kutaja majina. Alinyoosha mkono hewani, ukamgusa kichwani, akauacha hapo.

"Nani wewe?" akauliza.

Mimi nilishika mlango. Ni swali lile lile, lile ambalo mashine ilikuwa ikiliuliza Mwanza kila tulipolituma jina la mtoto huyu.

"Ng'wandu, mayu," akasema.

"Sema tena."

"Ng'wandu."

Yule mama aliinua uso wake kwa wazee waliokuwa wamesimama. "Kabula," akasema, "wamalizie chai yao waende. Ng'ombe hawajichungi." Kisha akamrudia mwanawe, akamwambia aseme tena, naye akalisema, na mara hii nililisikia lote, toka mwanzo hadi mwisho, likifika.